Mwaka wa Jivu la Makumbi

Wanaume walipoliinua jeneza la Bi Zuhura kulitoa nje, mwanangu Rehema, mwanamke mzima mwenye watoto wake, alipiga ukelele mmoja tu: "Mama!" Wanawake waliojaa mikekani mle nyumbani kwa Bi Zuhura, Mishomoroni, walinitazama, kisha wakainamisha macho, kwa sababu mama nilikuwa mimi, nimekaa pale pale, hai, kikombe cha kahawa mkononi. Jirani mmoja alinigusa goti akanong'ona, "Usimuweke moyoni, ni uchungu." Sikumuweka moyoni. Ningekuwa bado yule msichana wa zamani ningesimama nikaondoka na kuacha viatu. Lakini nilikaa, nikanywa kahawa yangu, na macho yangu yakaenda nyuma ya mlango wa chumba cha marehemu, ambako palikuwa na dumu la maji la njano. Halikuwa lile ninalolijua. Lile lilikuwa jeupe na bila shaka lilikwisha pasuka zamani. Mahali palikuwa pale pale. Nikaangalia kando.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya themanini, na mimi nilikuwa kibarua katika kiwanda cha potashi Changamwe. Watu wakisikia potashi hudhani ni kitu cha kuchimbwa ardhini na mashine kubwa. Kwingine labda. Chetu kilikuwa banda refu la mabati nyuma ya ghala, na madini yetu yalikuwa jivu. Malori yalileta jivu la makumbi ya nazi kutoka Kwale na Kilifi, magunia kwa magunia, nasi tulilichekecha, tukalijaza katika matangi ya saruji yaliyopangwa mstari mmoja, tukalimwagia maji. Maji yalipita ndani ya jivu, yakatokea chini kupitia magunia ya katani yakiwa na rangi ya chai nzito, yanateleza vidoleni kama sabuni. Hayo ndiyo yaliyobeba potashi. Yalichemshwa katika makarai makubwa juu ya tanuri la mafuta mpaka yakakauka, na kilichobaki kilikuwa unga mweupe unaonunuliwa na wenye viwanda vya sabuni. Ni kazi ya kuosha tu. Siri yake yote ni kujua lini uache kuosha. Ukiacha mapema, potashi inatupwa na jivu. Ukichelewa, unachemsha maji matupu, na mafuta ya tanuri hayaombwi msikitini.

Chumba nilichopanga kilikuwa Magongo, katika nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana, ukumbi mrefu katikati kama koo la ng'ombe. Changu kilikuwa cha mwisho, karibu na choo. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la mafuta ya taa na msumari mmoja ukutani nilikotundika buibui langu na kigauni cha Rehema alichokwisha kukizidi. Nikirudi kazini nilijifungia na kuyasikiliza maisha ya wengine kupitia ukuta: mume na mke wakigombana juu ya nani amemaliza sukari, redio ya mtu, mtoto wa mtu akikoroma mafua. Baba yake Rehema alikwenda Uarabuni kutafuta kazi, akaleta barua mbili, ya tatu siioni mpaka leo. Shangazi yake huyo baba, Bi Zuhura, alikuja siku moja akakiona kile chumba, akamkuta mtoto anakohoa, akambeba begani bila ya kuniuliza.

"Shangazi, wamchukua mwanangu wendapi?" nikamwambia.

"Nampeleka palipo na hewa. Weye utakwenda kazini na yeye utamuachia nani, panya?"

"Nitamuachia nani ni shauri langu."

"Si shauri lako peke yako, huyu ni damu yetu. Lakini n'nakwambia mbele ya Mungu, mimi si mwizi wa mtoto. Siku utakayopata chumba chenye dirisha, njoo umchukue. Sitasema neno."

Hivyo ndivyo alivyokwenda. Hakuwa ametimiza mwaka na nusu. Maziwa yalikuwa hayajanikauka. Nilikuwa nikiyakamua chooni na kuyamwaga. Na kilichoniuma zaidi ni jina. Kwetu mwanamke akizaa jina lake hufa, akaitwa kwa mtoto. Kiwandani kuanzia asubuhi ilikuwa Mama Rehema leta ndoo, Mama Rehema funga gunia, Mama Rehema umeota mizizi? Kutwa nzima mwanangu alitajwa mara zisizo na idadi na watu ambao hawakupata kumuona, na mimi mwenyewe nilimuona Jumapili tu. Kila Jumapili alichelewa zaidi kunijia. Mwanzoni alikimbia. Baadaye akawa anasimama nyuma ya Bi Zuhura, ameshika leso yake, ananipima.

Njia ya kupata dirisha ilikuwa moja. Kiwanda kilikuwa na laini ya vyumba vya wafanyakazi, vya matofali, kila kimoja na dirisha lake na wavu wa mbu, lakini ni vya walioandikwa kazi ya kudumu, si vibarua. Na hakuna aliyekuwa akiandikwa, kwa sababu kiwanda kilikuwa kinakufa. Tajiri alikuja akasimama karibu na makarai, akasema mbele yetu sote kwamba anatia jivu la lori zima na anatoa unga wa kujaza mkoba. Ndipo alipomleta Mutua.

Mutua alikuwa mkemia, Mkamba mwembamba mwenye miwani, kijana wa kuzidi miaka thelathini kidogo. Alipanga kisiwani, Tudor, na alikuja kila siku na chupa yake ya chai, kwa sababu alisema tumbo lake halijazoea pwani. Hakuwa mtu mbaya. Nilimchukia, lakini hakuwa mbaya, na kichwa chake kilikuwa kizuri. Alitazama matangi yetu wiki nzima bila kusema, kisha akatukusanya akachora kwa mkaa sakafuni. Mpaka siku ile kila tangi tulikuwa tukilimwagia maji mapya mpaka tuchoke. Yeye alisema maji mapya yaanzie katika jivu chovu, lile lililokwisha oshwa mara nyingi, yachukue mabaki yaliyosalia, kisha yapelekwe kwenye tangi lenye nguvu kidogo, kisha lenye nguvu zaidi, na mwisho yapite katika jivu jipya kabisa. Maji yanakwenda huku, jivu linakwenda kule. Kwa hivyo hakuna potashi ya kutupwa, na maji yanayofika kwenye karai ni mazito, yanahitaji mafuta kidogo.

Kache, mwanamke wa Kigiriama aliyekuwa akimwaga maji kabla mimi sijajua kiwanda kiko wapi, alitazama ule mchoro akasema, "Yaani maji yaanze kwa bibi yamalizie kwa bibi harusi."

"Hivyo hivyo, mama," Mutua akasema, na sote tukacheka. Ilikuwa fikra nzuri. Hata mimi niliyesoma kemia mpaka kidato cha nne niliiona nikaionea wivu.

Kwa kuwa nilikuwa na cheti, alinipa mimi kipimo. Kilikuwa kijiti cha kioo kilicho na uzito wa risasi chini, chaelea wima majini. Maji mazito hukiinua juu, maji matupu hukiacha kizame. Mutua alitia mstari mwekundu shingoni mwa kijiti huko kwake Tudor, katika maji safi. Kazi yangu ilikuwa kukitia katika maji ya tangi la mwisho, lenye jivu chovu. Mstari ukiwa juu ya maji, bado potashi imo, mwageni tena. Mstari ukizama, jivu limekwisha, litupwe. Kache alikiita bwana harusi, kwa jinsi nilivyokibeba katika pamba na kuwazuia wasikiguse. Mutua akaniambia kando, "Mama Rehema, tukiokoa hii potashi inayopotea, tajiri ataandika watu. Wewe wa kwanza. Nimekwisha mwambia." Nikahesabu madirisha ya laini nikachagua la kona.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda. Kisha bomba la mji likakauka, kama linavyokauka Changamwe, na tukaanza kuteka kisima cha nyuma ya banda. Hakuna aliyemwambia Mutua. Amwambie nini? Maji ni maji. Nyumbani kwangu pia tulinywa ya kisima, na nyumba ya pili, na ya tatu. Kuanzia hapo mstari mwekundu haukuzama tena. Nilitia kipimo, mstari juu. Tukamwaga. Mstari juu. Tukamwaga tena, mpaka jivu likawa tope la kijivu lisilo hata harufu, na bwana harusi bado kasimama anatuangalia. Maji yakazidi kujaa makaraini, mepesi, tanuri likala mafuta kuliko zamani, na unga ukapungua badala ya kuongezeka. Juu ya makarai palikuwa pakiganda ukoko mweupe ambao wachemshaji waliukwangua wakautupa wakisema ni uchafu.

Mutua alianza kwa kushangaa akamalizia kwa kunishuku. Alisimama nyuma ya bega langu nikipima. Alininyang'anya kipimo akapima mwenyewe, akapata nilichopata, akanirudishia kwa hasira kana kwamba nimemfundisha kioo kusema uongo.

"Unaosha hii glasi?"

"Naiosha."

"Na nini?"

"Na ulimi. Bwana Mutua, naiosha na maji, kama watu."

"Jeuri haitatusaidia. Tajiri anakuja mwisho wa mwezi. Kama nambari ni hizi, anafunga. Na mimi nitamwambia nani alikuwa anapima."

Nilimwambia na mimi nitamwambia nani aliyechora sakafuni. Kache alinivuta mkono. "We mwana, utafukuzwa na huo mdomo kabla jivu halijakufukuza." Nilikwenda nikakaa nyuma ya magunia peke yangu. Sikulia. Wakati ule nilikuwa sijui kulia, nilijua kung'ata meno tu. Jumapili iliyotangulia Rehema alikuwa ameanguka ukumbini kwa Bi Zuhura, mimi nikiwa karibu naye zaidi, nikanyosha mikono. Alinipita akiwa anatokwa na damu mdomoni, akaenda kwa mwingine. Bi Zuhura alimpangusa bila kunitazama, na kule kutonitazama kulikuwa heshima, nami nikakuchukia kama tusi. Sasa mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja na dirisha langu lilikuwa linafungwa na kijiti cha kioo.

Chai ya saa nne tulikuwa tukiinywa kwenye mabenchi karibu na tanuri, chai ya mkandaa isiyo maziwa, na muhogo wa kuchemsha wenye pilipili. Mutua alikaa pembeni na chupa yake. Siku hiyo alipoifungua ilicheza ndani kama njuga. Kioo kilikuwa kimevunjika njiani. Akaimwaga, akakaa na mikono mitupu. Kache alimuonea huruma, akamjazia kikombe cha bati. "Kunywa, mwanangu. Haijaua mtu."

Mutua alinywa funda moja akalitema lote chini, mpaka kwenye viatu vyake.

"Chumvi mmetia ya nini?"

Tulicheka. Wallahi tulicheka mpaka mchemshaji mmoja akashika ubavu. "Hatujatia," Kache akasema. "Imo. Ndiyo maji yetu haya, ya kisima. Sisi ugali wetu hautiwi chumvi, mabarobaro wetu wanaoga wanatoka wamekolea." Wakazidi kucheka. Mimi niliacha kucheka kabla ya wengine, kwa sababu nilimuona Mutua alivyokaa. Alikuwa amekishika kikombe anakitazama, na midomo yake inakwenda kama mtu anayesoma.

"Kisima gani?" akauliza polepole. "Tunatumia bomba."

"Bomba limekufa siku nyingi," nikamwambia.

Alinyanyuka. Hakuniomba kipimo, alinyosha mkono tu, nikampa. Alikwenda kisimani, tukamfuata sote na vikombe vyetu. Akateka ndoo, maji ambayo hayajaonana na jivu tangu yaumbwe, akakitia kipimo ndani. Kikazama kidogo, kikapanda, kikatulia. Mstari mwekundu ulikuwa juu ya maji.

 Tulikuwa tumeosha jivu kwa majuma tukiitafuta potashi ambayo ilikuwa chumvi ya kisima, chumvi ile ile iliyoganda makaraini tukaiita uchafu, chumvi tuliyokuwa nayo midomoni asubuhi na jioni. Yeye hakujua kwa kuwa hakuwahi kuyanywa maji yetu. Sisi hatukujua kwa kuwa tuliyanywa mno. Nikatia ulimi katika kikombe changu nikitafuta ile ladha iliyomtemesha mwenzangu. Sikuipata. Chai ilikuwa chai tu. Hilo lilinitisha kuliko tajiri. Nilijiuliza ni kitu gani kingine ninakibeba mdomoni kila siku na sikionji tena, na jibu nilikuwa nalo: kuwa peke yangu. Nilikuwa nimefika mahali nafungua kile chumba kisicho dirisha na siusikii ule ukimya.

Mutua hakuniomba radhi. Alisema, "Mama Rehema, una rangi ya kucha?" Nilikuwa sina, Kache akaazima kwa karani. Tukatia mstari wa pili, usawa wa maji matupu ya kisima, na kuanzia siku ile tukahesabu kutoka pale. Jivu likawa linakwisha kwa wakati wake. Maji yakaanzia kwa bibi yakamalizia kwa bibi harusi, yakafika makaraini mazito na meusi. Ule ukoko wa chumvi ukawa unakwanguliwa kwa makusudi, mapema, kabla potashi haijaanza kuganda. Tajiri alipokuja alikuta unga umepanda mpaka shingo za magunia na mapipa ya mafuta bado yamo. Alimpa Mutua mkono. Mimi nilipewa karatasi ya kuandikwa na ufunguo. Si wa chumba cha kona, lakini dirisha lilikuwepo, na nililifungua na kulifunga mpaka jirani akauliza kama nimeingiwa na kitu.

Jumapili yake nilikwenda Mishomoroni nikiwa nimejipanga kwa vita. Maneno yote nilikuwa nayo tayari. Bi Zuhura alinisikiliza, akaitika kwa kichwa, akaingia chumbani akatoka na furushi la nguo za mtoto zilizokwisha kukunjwa. "Nilikwambia sitasema neno," akasema. Na hakusema. Nilinyimwa hata ugomvi wangu.

Rehema alilia mpaka Changamwe. Nilimpikia uji, nikautia sukari, nikaupuliza. Alionja, akautema kifuani pangu, akaniangalia kwa hofu. "Chumvi," akasema. Nilipika mwingine, akautema. Chai, akatema. Maji, akafumba mdomo akageuza uso ukutani. Siku ya tatu midomo ilikuwa imemkauka na macho yameingia ndani, na bomba la mji halikuwa limerudi. Nilimbeba mgongoni nikarudi nilikotoka, na njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba ninampeleka asirudi tena, basi, nimeshindwa.

Bi Zuhura alimtazama mtoto, akanitazama mimi. Alimnywesha. Kisha akatoka uani na dumu jeupe, akalijaza kisimani kwake, kisima cha maji matamu, akalifunga kwa mfuko wa nailoni na kulikaza kifuniko. "Mpikie na haya," akasema. "Yakiisha njoo. Mtoto hurudi na mamake."

Nilibeba mtoto mgongoni na dumu kichwani. Na sikumpikia hivyo hivyo tu. Nilifanya kama matangi. Siku za mwanzo maji ya Mishomoroni matupu. Kisha kikombe cha kisima chetu ndani ya sufuria nzima. Kisha viwili. Kila Jumapili tulikwenda, Bi Zuhura akalijaza dumu bila kuuliza, nami kila juma nikatumia machache zaidi ya yake na mengi zaidi ya yangu, polepole, mtoto asishtuke. Hakuna mtu aliyenifundisha hilo. Nilikuwa nikilifanya kazini kutwa. Hata leo sijui nililipe jina gani. Nilikuwa namfunza mwanangu kuishi na mimi. Nilikuwa pia namfunza asiionje chumvi.

Ikafika asubuhi moja nikampa kikombe cha maji ya kisima chetu, matupu, hayana hata tone la Mishomoroni. Alikishika kwa mikono miwili akanywa, nami nimeshika pumzi. Akakimaliza. Akakinyosha.

"Mama, ongeza."

Hakuwa amepata kuniita hivyo. Nikaongeza.

Jumapili ile nilimpelekea Bi Zuhura dumu lake, tupu, limeoshwa. Nilikuwa nimefurahi, na furaha yangu ilikuwa na kisu. "Shangazi, hili halina kazi tena. Sasa yuwanywa ya kwetu." Alilipokea. Alimwangalia Rehema anavyocheza uani mbali naye, kisha akaliweka nyuma ya mlango wa chumba chake. "Basi liache hapa," akasema. "Huenda siku moja akaja na kiu."

Jana, watu wa matanga walipopungua, niliingia chumbani kwake kutafuta leso yangu. Nikalishika lile dumu la njano kwenye mkono wake, nia yangu ni kulisogeza tu mlango upate kufunguka vizuri. Halikusogea. Lilikuwa limejaa mpaka kifuniko, na chini ya kifuniko palikuwa na mfuko wa nailoni, umefungwa kama alivyokuwa akinifungia. Nikamwita Rehema. Nikamwambia, lete vikombe viwili.